Chupa Iliyopitia Mkono wa Mkubwa

Nyoka simchukii. Watu wakijua kazi yangu huniuliza hilo kwanza, nami huwajibu hivyo, nao hucheka wakidhani natania. Nyoka hajawahi kunidanganya. Akitaka kuuma anauma, asipotaka anaenda zake. Ninaowachukia ni watu, na orodha yao sioni haya kuitaja. Namchukia mwanamume mmoja wa Section 58, mtaa wa Nakuru, aliyejiita daktari. Nawachukia wote wanaosambaza video za tiba kwa simu bila kuzitazama mpaka mwisho. Na kwa miezi kadhaa nilimchukia ndugu yangu wa tumbo moja hadi chakula kikanishinda. Kuna mmoja zaidi, lakini huyo nitamfikia.

Nafanya kazi Olkaria, upande wa usalama. Mvuke ukitoka ardhini hupitishwa kwenye mabomba makubwa yanayokata vichaka na mawe meusi hadi kwenye mitambo ya umeme, na asubuhi za baridi nyoka huja kulala kando ya mabomba hayo kutafuta joto. Wengi wao ni moma, yule mnene mvivu mwenye madoa, anayetulia tuli hadi umkanyage. Kabla mafundi hawajaingia zamu, lazima mtu atangulie kukagua. Mtu huyo ni mimi. Nina fimbo yenye ndoano, ndoo yenye kifuniko na buti zinazofika magotini, na kazi yangu nyingi ni kuwahamisha wenye nyumba ili wageni wafanye kazi.

Siku moja aliletwa kwetu mwanamke mmoja, mtafiti wa maabara, akitaka moma hai. Nilimpatia wawili. Mmoja alimkamua pale pale kwenye kibanda chetu, akamshika nyuma ya kichwa, akambonyeza meno juu ya glasi iliyofunikwa kwa plastiki nyembamba. Yakatoka matone machache ya manjano. Nilikuwa nimekamata nyoka miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kuitazama sumu kwa utulivu namna ile. Nikamuuliza anaipeleka wapi.

Alinieleza bila haraka, na nataka haki yake ionekane hapa, kwa maana yeye hakukosea hata neno moja. Alisema sumu ya moma huozesha nyama ya mwili, na ndani yake mna vitu vingi vilivyochanganyika. Wao huvitenganisha kimoja kimoja. Baadhi ya vitu hivyo vikiwekwa pamoja na seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, seli hizo hufa.

"Kwenye kisahani," alirudia, akinitazama kama mwalimu anayemjua mwanafunzi wake. "Na hata seli nzuri zinakufa. Hata maji moto ukimwaga hapo zitakufa. Kazi ni kupata kitu inaua mbaya na kuacha nzuri, na huko bado. Inaweza kuchukua miaka mingi, na inaweza kukosa kufika."

Alipokuwa anafunga kasha lake akaongeza kwamba si ndoto tupu, kwa kuwa kuna tembe za presha zinazomezwa dunia nzima ambazo utafiti wake ulianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazil. Nilifurahi kusikia hivyo. Mama yangu alikuwa anameza tembe za aina hiyo hiyo.

Mama anaishi Lanet, nje kidogo ya Nakuru. Baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote, akastaafu, akanunua ploti huko kabla nyumba mpya hazijabanana, akajenga, akafa. Asili yetu ni magharibi, na alikuja na desturi za kwao zote, asiache hata moja njiani. Katika nyumba yetu mkubwa hutangulia. Mkubwa hupanda mahindi kwanza, huoa kwanza, huongea kwanza. Na Baba aliongeza sheria yake mwenyewe: kitu chochote cha mtoto mdogo humfikia Mama kupitia mkono wa mkubwa. Ukimnunulia leso, unampa mkubwa, naye humpa Mama akisema, "Hii imetoka kwa fulani." Baba alisema hivyo ndivyo hakuna mtoto atakayeununua moyo wa mama yake nyuma ya wenzake. Tulizaliwa watano, tumebaki wawili, ndugu yangu mkubwa na mimi kitinda mimba, lakini sheria haikupunguzwa. Niliiona ya kijinga tangu utotoni na niliifuata ili tu tuishi kwa amani.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Mama huniita Baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Nikimwambia kitu, hukipokea kana kwamba kimesemwa na mzee wake aliye kaburini.

Krismasi ile tulikuwa wote mezani Lanet. Ndugu yangu ni mzee wa kanisa, na kwa saa nzima alikuwa ametueleza habari za paa jipya la kanisa, bati kwa bati. Watu walimsikiliza jinsi wanavyomsikiliza siku zote. Mimi nilitaka kusikilizwa mara moja tu katika maisha yangu. Nikapangusa mchuzi mdomoni nikasema, "Mama, hiyo tembe yako ya presha, unajua babu yake ni nani? Ni nyoka."

Paa la kanisa likasahaulika. Watoto walisogea. Hata ndugu yangu aliweka kijiko chini. Nami nilipoona wamenyamaza hivyo, sikuweza kujizuia. "Na si presha peke yake," nikasema. "Sumu ya hao moma nashika inaua cancer. Nimeona na macho yangu."

Sikuwa nimeona lolote ila matone ya manjano kwenye glasi. Lile neno kisahani nililijua, lilikuwa hapo kwenye ulimi, na niliyajua pia yale maneno ya maji moto na miaka mingi. Niliyaruka. Yanapoza hadithi. Huyo mwenye mchuzi mdomoni ndiye wa mwisho katika orodha yangu, na ndiye ninayemchukia kwa muda mrefu zaidi.

Mvua ndefu zilipoanza, Mama alipata uvimbe kwenye titi. Alikaa nao kimya wiki kadhaa, kama kawaida ya akina mama wa rika lake, mpaka ukamzuia kulala upande ule. Hospitali walipima, wakakata kipande kidogo, wakasema ni saratani na bado haijasambaa. Daktari alitupangia waziwazi: atawekewa dripu za kemo mara sita, kila baada ya wiki tatu, uvimbe upungue, kisha afanyiwe upasuaji. Alisema tukifuata mpango huo tuna nafasi nzuri, na kwamba mpango huo hautaki kurukwarukwa. Tulikuwa wawili mbele yake, mkubwa na mimi, na sote tuliitikia kwa kichwa.

Ndugu yangu anaishi Nakuru mjini, kwa hiyo yeye ndiye aliyempeleka. Mimi zamu zilinibana. Nilituma asali, unga wa uji, mafuta ya kupaka ngozi iliyokauka, na vyote vilipitia mkono wake kwenda kwa Mama kama sheria ilivyotaka. Dripu ya kwanza Mama alitapika siku tatu. Baada ya ya pili nywele zilimtoka zote, akawa anafunga kitambaa hata akiwa peke yake chumbani. Baada ya ya tatu kucha zikawa nyeusi, na nilipompigia simu alisema, "Baba, hii dawa itaniua kabla ugonjwa haijaniua." Nikamwambia avumilie. Ni rahisi kumwambia mtu avumilie ukiwa kilomita nyingi kutoka kwenye beseni lake la matapishi.

Kisha ukaja ukarabati mkubwa wa mitambo, likizo zote zikafutwa, na kwa zaidi ya miezi miwili sikutoka Olkaria. Kila Jumapili nilipiga simu. Mama alisema anakula vizuri. Ndugu yangu alisema, "Tunaendelea, Mungu ni mwema." Sauti ya Mama ilikuwa imepata nguvu, nami nilijisifu moyoni kwamba nilifanya vyema kumsihi avumilie.

Nilipopata ruhusa nilienda Lanet moja kwa moja na begi langu la kazi. Sebuleni walikuwa wanawake watano wa kanisa wakinywa chai, na Mama katikati yao bila kitambaa. Kichwani alikuwa na nywele, fupi, laini, nyingine nyeupe, zimefunika kichwa chote. Wale wanawake walikuwa wanazipapasa kwa zamu wakimshukuru Mungu. "Ona mama yako," mmoja akaniambia. "Nywele imerudi. Shetani ameaibika."

Nilisimama mlangoni nikizitazama zile nywele. Mtu anayewekewa kemo kila wiki tatu haoti nywele. Hata mimi mshika nyoka nilijua hilo. Niliwaomba wale akina mama watuache, na sikuwaomba kwa upole, na mmoja wao hajanisalimia hadi leo.

"Mama," nikasema, "ulienda hospitali lini mara ya mwisho?"

Alinishangaa. "Si ni wewe uliniambia nipumzike nayo?"

"Nilikuambia lini?"

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitu alichokifunga ndani ya leso. Alikifungua taratibu, kama mtu anayefungua sadaka. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia ya matone, na kwenye karatasi yake picha ya swila ametanua shingo. "Dawa yako," akasema. "Ile ulituma na mkono ya mkubwa wako. Matone saba asubuhi, saba jioni. Alisema tusiiongelee kwa simu, ati wakijua unatoa sumu kazini utafutwa. Nimekuwa nikikuombea usishikwe, Baba."

Nakumbuka nilisoma ile karatasi mara mbili ili nisimtazame. Nilidondosha tone kidoleni nikalionja. Lilikuwa asali na kitu kama dawa ya kikohozi. Hata kama ingekuwa sumu ya kweli, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama, isingefika popote. Lakini hata sumu haikuwa. Mama alikuwa ametoroka dripu tatu kwa ajili ya asali yenye picha.

Nilimwambia narudi, nikatoka nje na chupa mfukoni, nikampigia ndugu yangu. Nilimwambia anionyeshe alikoitoa, na kwamba asipokuja nitamfuata kanisani mbele ya waumini wake.

Tulikutana Section 58. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili, na alianza kuongea kabla sijafungua mdomo. "Usinipigie kelele barabarani. Mathe alikuwa anakufa na hiyo kemo. Alinishika shati, hapa, akaniomba nisimrudishe huko tena. Mama yako amepiga magoti mbele yako kabla? Wewe hukuwa."

"Kwa hivyo ukamdanganya ni yangu."

"Angeikataa. Ningemwambia ni ya mtu wa Section 58 angeniambia niinywe mwenyewe. Yeye maneno ya nyoka anakuamini wewe." Kisha akasimama, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na si uliniambia wewe mwenyewe? Krismasi. Ati umeona na macho yako. Kwani nilitoa hii kitu wapi?"

Nilitaka kumpiga. Naandika hivi bila kujitetea: nilikunja ngumi, mimi mtu mzima mwenye watoto, kwenye barabara ya watu, na kilichonizuia si upendo. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa amesema kweli. Kwa hiyo hasira yote niliibeba nikampelekea yule aliyejiita daktari.

Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Koti jeupe, kalamu nne mfukoni, na mezani sanduku la kioo lenye nyoka ndani. Wateja walikuwa wawili, mzee mmoja aliyesinzia na mwanamke wa makamo aliyeweka bahasha kubwa ya picha za hospitali juu ya mapaja.

"Karibu, boss," daktari akasema.

"Huyu ni nyoka gani?"

"Huyo ni cobra. Hatari sana, usikaribie hiyo glasi. Huyo ndiye anatoa dawa."

Nilimtazama nyoka. Alikuwa wa kahawia, mwembamba, na kamstari kadogo kupitia jichoni. Nyoka huyo huishi kwenye mapaa na maghala, anakula panya, na hana sumu hata ya kumdhuru mtoto. Nimewahi kuwatoa kwenye chumba chetu cha chakula kwa mikono mitupu wakati wapishi wanaendelea kupika. Nilifungua kifuniko.

"Boss, wacha. Boss, atakuua, mimi sitaki kesi."

Nilimtoa nikamlaza mezani kwake, juu ya daftari lake. Daktari wa nyoka alipanda kiti. Kalamu mbili zilianguka. Alisimama pale juu, akishika dari kwa mkono mmoja, na nyoka akaanza kutafuta njia ya kujificha ndani ya rundo la karatasi.

"Shuka umkamue," nikamwambia. "Nataka kuona vile unatoa dawa."

Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi. Niligeuka ili nipate shahidi wa furaha yangu, nikakutana na macho ya yule mwanamke mwenye bahasha. Hakuwa anamtazama mtu aliye juu ya kiti. Alikuwa ananitazama mimi, na katika maisha yangu sijatazamwa kwa chuki namna ile.

"Wewe ni nani," akasema polepole, "unakuja kutuharibia?"

"Mama, huyu nyoka hana sumu. Huyu mtu anawauzia asali."

"Nimekuuliza kitu?" Akaigeukia tena meza. "Daktari, hiyo yangu bado iko ama haiko?"

Mfa maji hukamata maji. Niliijua methali hiyo tangu shule ya msingi na nilidhani naielewa. Nilimchukua nyoka, nikamtia ndani ya begi langu, nikatoka. Baadaye niliripoti polisi, na nasikia yule mtu alihama kabla ya kufikiwa, pengine akiwa na nyoka mwingine wa panya ndani ya kioo kingine. Yule mwanamke sijui alikwenda wapi.

Njiani kurudi Lanet ndugu yangu alinisihi. Alisema nisimwambie Mama ukweli wa chupa. "Mwambie tu dawa yako imeisha. Mwambie sasa arudi hospitali. Atakusikia, aende, tumalize. Ukimwambia ni uongo, hatatuamini tena, wewe na mimi, na hospitali pia hataenda."

Yalikuwa maneno ya busara, na hilo liliniudhi zaidi ya yote. Nilihesabu kichwani jinsi ingekuwa rahisi. Maneno matano tu, na Mama angeinuka avae viatu. Lakini ningekuwa nimetumia jina langu kama yeye alivyolitumia, na siku dawa nyingine ingepita mlangoni kwa jina langu, angeinywa pia. Nilikataa. Sikukataa kwa uzuri wa moyo. Nilitaka pia kumwona ndugu yangu akisema kwa mdomo wake.

Mama alikuwa amekaa pale pale, na chai yake ilikuwa imepoa mbele yake. Niliweka chupa mezani. Ndugu yangu alinitazama, akinisubiri.

"Sema wewe," nikamwambia. "Wewe ni mkubwa. Mkubwa hutangulia."

Alifungua na kufunga vifungo vya koti. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira na hakuna aliyewakemea. Hatimaye akasema, akiitazama sakafu, "Mama, hii chupa haikutoka kwake. Niliitoa mahali nikasema ni yake. Ungekataa."

Mama hakulia. Hakumtazama hata. Alinigeukia mimi.

"Na hiyo maneno ya Krismasi, Baba? Pia hiyo ni ya uongo?"

"Hiyo ilikuwa kweli," nikasema. "Lakini sikuimaliza."

"Imalize."

Nikaimaliza, miezi tisa imechelewa. Nilimwambia habari za mtafiti, glasi, matone, vitu vinavyotenganishwa. Nilipofika kwenye neno kisahani aliniuliza ni kisahani gani. Sikujua namna ya kueleza. Nikachukua kisahani kilichokuwa chini ya kikombe chake, nikakiinua.

"Kama hiki, Mama. Cha kioo, na ni kidogo. Wanaweka hapa seli za cancer, wanaweka na sumu, zinakufa."

"Na mtu yuko wapi?"

"Hakuna mtu."

Alikitazama kile kisahani kwa makini, na alama ya duara ya kikombe katikati yake. "Kwa hivyo hakuna mtu amepona."

"Hakuna. Bado."

"Ungeniambia hivi hiyo Krismasi," akasema, "ningekula kuku yangu nisahau."

Kisha akatuambia tutoke. Ndugu yangu alianza kusema watampeleka hospitali kesho asubuhi, yeye na mimi pamoja, na Mama akamkatiza. Alisema ataenda na jirani. Alisema vilevile kwamba kuanzia siku hiyo mtu akiwa na kitu cha kumpa akilete kwa mkono wake mwenyewe na mdomo wake mwenyewe, na kama Baba yetu ana neno amngoje huko aliko, watalizungumza wakikutana. Desturi ambayo sikuweza kuivunja kwa miaka arobaini, aliivunja kwa sentensi mbili. Nilitoka nikamwachilia yule nyoka kwenye ua, ambako panya ni wengi.

Alienda kweli, na jirani. Walimpima upya. Uvimbe ulikuwa umekua kuliko ulivyokuwa mwanzo, na sasa ulikuwa umeingia kwapani na sehemu nyingine. Upasuaji tuliokuwa tumepangiwa ukaondolewa, kwa sasa, wakasema, na wakabadilisha dawa. Siku nilipoenda kumwona daktari hakuzungumza tena habari za nafasi nzuri. Alizungumza habari za kuuzuia, kuupunguza kasi. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Ukoo mzima ulimlaumu ndugu yangu. Shangazi alimpigia simu kutoka kwetu magharibi akamwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mzee wa kanisa. Mkubwa ni jalala, husemwa hivyo, na mimi nilitupa humo hata taka zangu. Nilikaa kimya kwenye kila kikao. Hakuna aliyeikumbuka ile Krismasi ila watu watatu, na wawili kati yao, Mama na ndugu yangu, hawakunitaja. Ndugu yangu angeweza kunitaja na hakunitaja, na kwa hilo pia nilimchukia, mpaka nilipochoka. Siku hizi tunasalimiana.

Nywele za Mama zimetoka tena zote. Yule mtafiti bado huja Olkaria, na bado nampatia moma. Mara ya mwisho alitaka kunieleza walikofika, uso wake umejaa furaha, nami nikamkatiza nikamuuliza swali moja tu. Ni swali la Mama, analoniuliza kila Jumapili nikimpigia. Sauti yake siku hizi haina nguvu, lakini swali halisahau.

"Baba, hao watu wa nyoka wamefika wapi?"

Nami humjibu neno zima, siruki kitu. "Wako kwenye kisahani, Mama. Bado wako kwenye kisahani."

Nasikia redio yake kwa nyuma, na jirani akifungua mlango.

"Waambie wafanye haraka," husema.

"Nitawaambia."